Kuitambua Medali ya Kale kwa Kilatini Chake

Medali ya kumbukumbu ni kipande cha madini, aghalabu cha duara, kilichotengenezwa ili mtu au tukio lisisahauliwe. Hainunui kitu dukani kama sarafu, wala haitungikwi kifuani kama nishani ya askari. Katika Ulaya ya zamani mabalozi walipewa medali kama zawadi, wenye elimu waliihifadhi katika makabati yao, na mara nyingine ilifukiwa katika jengo jipya ili vizazi vya baadaye vijue ni nani aliyelijenga. Sigismondo Malatesta, mtawala wa Rimini katika karne ya 15, aliamuru medali zenye sura yake zizikwe ndani ya kuta za majengo yake, na baadhi zimepatikana humo humo.

Familia ya Carrara iliyotawala Padova ilitoa vipande vya namna hii mwaka 1390, ilipourudisha mji huo mikononi mwake, kwa kuiga sarafu za Roma ya kale. Hata hivyo desturi iliyoenea Ulaya nzima ilianzishwa na mchoraji Antonio Pisano, maarufu kwa jina la Pisanello. Mwaka 1438 Kaizari Ioannes VIII wa Konstantinopoli alifika Ferrara, Italia, kuhudhuria mtaguso wa kuyapatanisha makanisa ya Mashariki na Magharibi, akitumaini kupata msaada dhidi ya Waturuki Waosmani. Pisanello alimwona huko, akaifinyanga sura yake: ndevu zilizochongoka na kofia ndefu yenye ukingo mkali mbele. Kielelezo kikatiwa kalibuni, madini yakamiminwa, ikatoka medali yenye upana wa takriban sentimita 10. Jina la Kaizari limeandikwa kwa Kigiriki, lugha yake. Mgongoni, penye Kaizari juu ya farasi mbele ya msalaba wa njiani, msanii ametia sahihi kwa lugha mbili, na ile ya Kilatini inasomeka OPVS PISANI PICTORIS, yaani kazi ya Pisano mchoraji. Konstantinopoli ilitekwa mwaka 1453, lakini sura ya Ioannes ingali inaonekana wazi katika medali hiyo.

Watawala wa Italia walipoiona kazi ya Pisanello, kila mmoja alitaka yake. Kutoka Italia desturi ikavuka milima hadi Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi na Uingereza, na kila ilikofika ilizungumza Kilatini. Wasanii na wasomi waliokuwa wakiokota sarafu za Roma mashambani waliona kwamba heshima ya mtawala huandikwa hivyo: jina na vyeo vimzunguke, kwa herufi kubwa. Isitoshe, Kilatini kilisomwa na padri wa Lisbon sawasawa na mwanasheria wa Kraków, na ni lugha inayobana maneno. Maneno mawili au matatu hubeba sentensi nzima, jambo kubwa kwa mchongaji mwenye nafasi ya vidole vitatu tu.

Anayetaka kuitambua medali ya namna hii huanza na madini yenyewe kabla ya maneno. Medali za mwanzo zilisubiwa: herufi zake zina mabega laini, na uwanda wake huwa na vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa. Baadaye, hasa kuanzia karne ya 16, nyingi zilipigwa chapa kati ya mihuri miwili ya feleji katika mtambo wa parafujo. Hizo zina herufi kali na uwanda uliosawazika. Tofauti hii ina maana kubwa, kwa kuwa medali ya kusubu ni rahisi kunakiliwa na mtu yeyote mwenye kalibu. Lakini madini hunywea yakipoa, hivyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko asili yake, na nakala ya nakala huzidi kupungua. Ndiyo sababu George Hill wa British Museum, katika orodha yake kuu ya medali za Italia iliyochapishwa mwaka 1930, alijali sana vipimo vya upana. Milimita mbili zinazopungua zinaweza kuwa ushahidi kwamba kipande kilichomo mkononi kilisubiwa karne nyingi baada ya kifo cha msanii.

Maandishi yenyewe yana taratibu zake. Herufi ni kubwa tupu. Aghalabu U huandikwa V, na J huandikwa I. Jina la mwenye sura huzunguka ukingo wa upande wa uso pamoja na vyeo vyake, wakati mgongo hubeba picha ya tukio au fumbo na kaulimbiu. Chini kabisa, chini ya mstari unaofanana na ardhi ya picha, ndipo huwekwa tarehe, mahali, au maelezo ya tukio. Msomaji mwenye haraka hukimbilia kaulimbiu kwa sababu ndiyo tamu, lakini habari za uhakika zaidi huwa katika vyeo vya uso na katika kipande kile kidogo cha chini.

Majina ni mtego wa kwanza. LVDOVICVS anaweza kuwa Louis wa Ufaransa au Ludwig wa Ujerumani; GVLIELMVS ni William kwa Waingereza na Willem kwa Waholanzi. Namba ya mfalme haitoshi kumtofautisha. Kati ya mwaka 1665 na 1685 Ulaya ilikuwa na CAROLVS II wawili kwa wakati mmoja, mmoja Uingereza na mwingine Hispania. Wanatenganishwa na vyeo: wa Hispania ni HISPANIARVM REX, wa Uingereza ni MAG. BRIT. FR. ET HIB. REX, yaani mfalme wa Britania Kuu, Ufaransa na Ayalandi. Hiyo FR. inastahili kuangaliwa vizuri. Wafalme wa Uingereza waliendelea kudai kiti cha Ufaransa kwa karne nyingi bila kukikalia, na waliiondoa Ufaransa katika vyeo vyao mwaka 1801. Kwa hiyo medali ya mfalme wa Uingereza yenye FR. inazungumzia enzi iliyotangulia mwaka huo. Majina ya miji nayo hupoteza wengi. LVGDVNVM ni Lyon, ila LVGDVNVM BATAVORVM ni Leiden ya Uholanzi. AVGVSTA VINDELICORVM ni Augsburg, na AVGVSTA TAVRINORVM ni Torino.

Vifupisho vinakaririka upesi. D.G. ni Dei gratia, kwa neema ya Mungu. F.D. ni fidei defensor, mtetezi wa imani, cheo ambacho Papa Leo X alimpa Henry VIII wa Uingereza mwaka 1521 na ambacho wafalme wa huko wangali wanakitumia. PONT. MAX. ni Papa. AET. hutangulia umri wa mtu, OB. hutangulia tarehe ya kufa kwake. FEC. au F. baada ya jina la mtu ni fecit, ametengeneza. Lakini herufi hiyo moja F. inaweza pia kuwa filius, mwana wa, au hata herufi ya kwanza ya jina la msanii, na hapo hakuna kanuni inayosaidia ila kuijua kazi yenyewe.

Hakuna medali inayoonyesha haja ya kusoma kwa subira kuliko ile ya mwaka 1588. Mwaka huo Felipe II wa Hispania alituma manowari na meli za mizigo zipatazo 130 kuivamia Uingereza. Baada ya mapigano katika mlango wa bahari kati ya Uingereza na Ufaransa, upepo uliisukuma armada hiyo kaskazini. Ikalazimika kurudi kwao kwa kuzunguka Uskoti na Ayalandi, na dhoruba zikavunja meli nyingi kwenye miamba. Medali ya fedha iliyotolewa baada ya hapo inaonyesha meli zikitawanyika chini ya wingu, na maneno FLAVIT ET DISSIPATI SVNT 1588. Ndani ya wingu limeandikwa jina la Mungu kwa herufi nne za Kiebrania, nalo ndilo mtendaji wa sentensi: Yehova alivuma, nao wakatawanyika. Anayeijua sura ya 15 ya kitabu cha Kutoka husikia mara moja wimbo wa Musa baada ya jeshi la Farao kuzama. Waliotunga maneno haya walikuwa wakisema kwamba wao ndio Waisraeli wa safari hii.

Wao ni nani? Jibu lililozoeleka Uingereza kwa muda mrefu lilikuwa Malkia Elizabeth I. Mwandishi Joseph Addison, katika gazeti la The Spectator mwaka 1712, alieleza kwamba medali hiyo ilitolewa na malkia huyo, na akayanukuu maneno yake kuwa Afflavit Deus et dissipantur. Medali yenyewe inakataa yote mawili. Haina neno afflavit, haina neno Deus, na mgongoni haina sura ya Elizabeth wala nembo yake. Kilichopo ni kanisa juu ya mwamba likipigwa na mawimbi, maneno ALLIDOR NON LAEDOR, yaani nagongwa lakini sidhuriki, na ngao ya nembo ya Maurits wa Nassau. Maurits, mwana wa Willem wa Orange aliyeuawa mwaka 1584, alikuwa kiongozi wa Holland na Zeeland, majimbo yaliyokuwa vitani na Hispania kwa miaka mingi kabla ya armada kung'oa nanga. Medali hiyo ilitengenezwa Middelburg, makao makuu ya Zeeland. Meli za Waholanzi zilikuwa zimelizuia jeshi la Hispania lililokuwa Flanders lisitoke baharini kuungana na armada, na kanisa linalogongwa bila kudhurika ni kanisa la Waprotestanti. Ni ushuhuda wa watu wadogo kwa idadi waliokuwa na sababu yao wenyewe ya kushukuru, na si haki kuendelea kuwanyang'anya.

Addison hakuwa mtu mzembe. Aliandika kitabu kizima cha mazungumzo juu ya manufaa ya medali na sarafu za kale, kilichotoka mwaka 1721 baada ya kifo chake. Kosa lake linaonyesha jinsi kaulimbiu nzuri inavyoweza kusafiri mdomoni, ikajirekebisha njiani, na kuacha nembo nyuma.

Medali ya Papa Gregorio XIII ya mwaka 1572 ina tatizo la namna nyingine: maneno yake ni wazi kupita kiasi. Usoni kuna sura ya Papa na GREGORIVS XIII PONT. MAX. AN. I. Mgongoni malaika mwenye upanga mkono mmoja na msalaba mkono wa pili anawaangusha watu, na juu yake VGONOTTORVM STRAGES 1572, maangamizi ya Wahugenoti. Wahugenoti walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa, na maangamizi hayo ni mauaji yaliyoanza Paris tarehe 24 Agosti 1572, siku ya Mtakatifu Bartolomayo, yakaenea katika miji mingine na kuua maelfu. AN. I ni mwaka wa kwanza wa upapa. Gregorio alichaguliwa Mei 1572, hivyo hesabu inakubaliana. Herufi F.P. chini ya sura ni sahihi ya Gian Federico Bonzagni, ambaye alijiita Federico wa Parma. Hapa basi ile F. haimaanishi fecit.

Medali hii iliaminiwa na wengine kuwa ya kubuniwa na maadui wa Roma, kwa jinsi inavyochukiza. Lakini Filippo Bonanni, Mjesuiti, aliieleza bila kuficha katika kitabu chake cha medali za mapapa cha mwaka 1699, na picha za ukutani za Giorgio Vasari juu ya matukio hayo hayo zingali Vatikani. Medali ni kauli ya upande mmoja, na thamani yake kwa historia iko hapo hapo: inaonyesha kile ambacho wenye mamlaka walitaka kisifiwe, hata pale ambapo warithi wao wangependa kisahaulike. Papa huyo huyo anakumbukwa zaidi kwa jambo la heri, kalenda mpya ya mwaka 1582, nayo pia ina medali yake: joka la nembo ya ukoo wake, kichwa cha kondoo dume, na ANNO RESTITVTO MDLXXXII, mwaka uliorekebishwa.

Kalenda hiyo iliwaachia wasomaji wa medali kazi ya ziada. Nchi za Kikatoliki ziliifuata mapema, nyingi za Kiprotestanti zikachelewa, Uingereza hadi mwaka 1752. Medali ya kutawazwa kwa Malkia Anne, ambayo Isaac Newton alishiriki kuibuni akiwa mkuu wa kiwanda cha sarafu cha London, imeandikwa chini INAVGVRAT. XXIII. AP. MDCCII. Hiyo ni tarehe 23 Aprili 1702 kwa Waingereza. Paris na Roma siku hiyo ilikuwa tarehe 4 Mei.

Mara nyingine mwaka haukuandikwa kwa tarakimu kabisa, bali ulifichwa ndani ya kaulimbiu. Herufi za Kilatini ambazo pia ni namba, yaani M, D, C, L, X, V na I, huinuliwa kuliko nyingine, na jumla yake ndiyo mwaka. Mfano maarufu ni wa Gustavus Adolphus, mfalme wa Uswidi: CHRISTVS DVX ERGO TRIVMPHVS, Kristo ndiye kiongozi, basi ni ushindi. Addison alilieleza fumbo hili mwaka 1711 na kupata 1627. Kuna vitabu vingine vinavyotaja 1632, mwaka ambao mfalme huyo aliuawa katika vita vya Lützen. Tofauti ya miaka mitano yote inatokana na herufi moja: V ya neno DVX. Ikihesabiwa, jumla ni 1632. Isipohesabiwa, ni 1627. Anayetegemea maneno yaliyonakiliwa kitabuni hawezi kuamua. Lazima atazame kipande chenyewe, au picha yake iliyo wazi, aone kama herufi hiyo imeinuka pamoja na wenzake.

Ufaransa iliifanya medali kuwa kazi ya serikali. Mwaka 1663 waziri Colbert aliunda kikundi kidogo cha wasomi ambacho kazi yake moja kuu ilikuwa kutunga maandishi ya Kilatini kwa ajili ya medali na majengo ya Louis XIV. Kikundi hicho ndicho kilichokua na kuwa Académie des Inscriptions et Belles-Lettres, taasisi iliyopo hadi leo. Mwaka 1702 kilichapisha kitabu kikubwa cha medali 286 zilizosimulia utawala wote, vita kwa vita na mkataba kwa mkataba. Nyingi zilichongwa na Jean Mauger, zote kwa kipimo kimoja cha milimita 41 hivi. Ndiyo maana medali ya Louis XIV ni miongoni mwa zilizo rahisi kutambulika: mwaka wa chini na kaulimbiu vinatosha kuipata katika kitabu.

Ugumu upo katika kujua umri wa kipande chenyewe. Kiwanda cha Paris kilihifadhi mihuri, na kimeendelea kupiga medali za Louis XIV kwa wanunuzi hadi nyakati zetu. Msaada unatoka mahali ambapo wachache hupatazama, ukingoni. Tangu mwaka 1832 kiwanda hicho kilitia alama ndogo kwenye ukingo: kwanza taa ya kale, kisha nanga, omo la meli, mkono unaoonyesha kidole, na nyuki kuanzia mwaka 1860. Tangu mwaka 1880 alama ni pembe ya neema pamoja na jina la madini. Hivyo medali yenye mwaka MDCLXXII chini ya picha na neno CUIVRE pamoja na pembe ukingoni haikuwahi kushikwa na mtu yeyote wa enzi ya Louis.

Jambo hilo hilo la kipande kipya kubeba mwaka wa zamani liliwahusu wafanyabiashara wa pwani ya Afrika Mashariki, ingawa wao walishika sarafu, si medali. Reale ya Sham iliyozunguka Unguja, Maskati, Yemeni na Uhabeshi katika karne ya 19 ilikuwa fedha ya Maria Theresia wa Austria, na ilinunua pembe za ndovu na karafuu. Usoni imeandikwa M. THERESIA D. G. R. IMP. HU. BO. REG., kwa neema ya Mungu Kaizari wa kike wa Warumi, Malkia wa Hungaria na Bohemia. Mgongoni, kuzunguka tai mwenye vichwa viwili, vinaendelea vyeo vya Austria, Burgundy na Tyrol pamoja na mwaka 1780. Alama ya X baada ya mwaka si namba kumi. Ni msalaba wa Burgundy. Herufi S.F. chini ya sura ni za maofisa wawili wa kiwanda cha Günzburg, Schöbl na Faby, na ukingoni pana kaulimbiu ya malkia, IUSTITIA ET CLEMENTIA, haki na huruma.

Maria Theresia alikufa Novemba 1780, na tangu hapo kila reale iliyopigwa ilibaki na mwaka huo, kwa sababu wateja wa Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi walikataa iliyobadilika hata kidogo. Vienna iliendelea kuitoa; Roma ikaipiga mwaka 1935 kwa ajili ya vita vya Uhabeshi; London ikafuata mwaka 1936, na Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wataalamu hutenganisha viwanda kwa lulu za bruchi ya malkia na manyoya ya mkia wa tai, mambo madogo yanayofutika kwa msuguo kidogo tu. Seyyid Barghash, sultani wa Unguja, alipotoa riale yake mwenyewe mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, aliiandika kwa Kiarabu, lakini reale ya Sham haikutoweka. Nyingi ziliishia kwa masonara, zikayeyushwa kuwa mikufu na bangili.

Aliyerithi reale kama hiyo, au medali yoyote yenye Kilatini, asiisugue kwa majivu wala ndimu ili ing'ae. Aipime upana na uzito, aipige picha pande zote mbili pamoja na ukingo, anakili maandishi herufi kwa herufi pamoja na nukta zake, kisha aipeleke makumbusho kabla ya kuipeleka kwa sonara.